Mama Operatere na Pini Zake Mbili

Ukifika kwetu, nje ya Kolwezi kwenye barabara ya Mutshatsha, ukauliza jina lake halisi, watu watatazamana. Mimi mwenyewe niliyefanya naye kazi miaka mingi nililisikia mara moja tu, kanisani, likisomwa pamoja na majina ya wagonjwa wa kuombewa, nikageuka kutafuta huyo mgeni masikini ni nani. Alikuwa amekaa nyuma yangu, ana mafua. Kwa wote alikuwa Mama Operatere, kwa sababu ndiye aliyeendesha trakta ya koperative yetu ya wakulima, ile yenye mikono miwili ya chuma mbele. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wanaopenda mambo hayo. Mimi namjua kuanzia kiti cha trakta kushuka chini.

Nami nijitambulishe tusije tukapotezana. Ni mtunza ghala. Mbolea ikiingia na mahindi yakitoka, yote hupita mlangoni kwangu, ndiyo maana wananiita Tata Depo, yaani Baba wa Ghala. Nina tumbo ambalo hufika mahali kabla yangu. Nalitaja mapema kwa sababu huko mbele tutalihitaji.

Sasa, ile trakta. Mikono yake ya mbele haina chombo cha kudumu. Asubuhi unaifungia gode, yaani lile beleshi kubwa la kuchotea mchanga na samadi. Mchana unaitoa gode na kufunga uma, meno mawili marefu ya kuinulia mifuko ya mbolea iliyopangwa juu ya mbao. Kubadilisha ni kazi nyepesi, na ubaya wake uko hapo hapo kwenye wepesi. Mikono ina bamba lenye kulabu. Dereva anasogea polepole, anaingiza kulabu chini ya ukingo wa chombo, anakilaza nyuma kidogo kikae sawasawa, halafu anasukuma wenzo na pini mbili nene zinazama katika matundu mawili huku chini, moja kushoto na moja kulia. Zikizama zote, chombo na trakta vimekuwa kitu kimoja. Zisipozama, chombo kitaendelea kuning'inia kwenye kulabu kwa adabu zote, kana kwamba hakuna neno, mpaka kifike juu ya kichwa cha mtu.

Madereva wengine niliowaona, mjini na hata kwenye machimbo, hutazama wenzo kutoka kitini, wakasema imeingia, wakaondoka. Mama Operatere hakuuamini wenzo. Alizima mashine. Alishuka akiwa ameshika kipande cha kitenge chakavu kilichokaa siku zote chini ya kiti, akakitandika, akapiga magoti kama mtu anayetafuta sindano. Alitazama tundu la kushoto mpaka aione pini imetokeza upande wa pili, akaigusa. Akahamia la kulia, akaigusa na hiyo. Halafu akainuka na kupaza sauti, "Mbili!" na kila aliyekuwepo uwanjani alipaswa kujibu, "Mbili!" Ndipo alipopanda, akawasha, akainamisha ncha za chombo na kuzikandamiza ardhini mpaka matairi ya mbele yalegee. Chombo chenye uongo, alisema, kiseme uongo wake kikiwa bado chini.

Kazini alikuwa anaimba. Ni nyimbo za kwaya, sauti ya pili, hata pale ambapo sauti ya kwanza haikuwepo, kwa hiyo tulisikia nusu ya wimbo mwaka mzima. Wakati wa kufunga chombo alinyamaza, na ukimsemesha wakati huo alikutazama tu mpaka unyamaze na wewe. Ukimwambia jambo la kazi, lolote lile, mfuko umepasuka, lori limefika, mvua inakuja kutoka upande wa Kisenge, alikuwa na swali lake moja.

"Uliona, ao unazania?"

Kwake dunia ilikuwa na mambo hayo mawili, yale uliyoyaona na yale unayodhania. Nilimwambia siku moja kwamba mke wangu ananipenda. Akauliza swali lile lile. Nilikwenda nyumbani na mawazo.

Basi utadhani mtu wa namna hii nyumbani kwake kila kitu kimekazwa. Thubutu! Mlango wake ulifungwa kwa kamba ya mpira uliokatwa kutoka kwenye tairi la baiskeli. Dirisha lilishikiliwa na kijiko. Sufuria zake zote zilikuwa zimepoteza mikono, akizishika kwa matambara na kupiga kelele za kuungua kila jioni, majirani wakajua bukari, ugali wetu wa huku, imeiva. Kiti chake mwenyewe, alichokipenda kuliko vyote, kilikuwa na miguu mitatu na tofali. Ukikaa juu yake bila kuzoea kinakutupa. Yeye alikaa bila hata kutazama, kwa kishindo, na hakuanguka hata siku moja, ila wageni walianguka wengi. Na ukimkuta juu ya pikipiki ya abiria ndiyo utamshangaa. Alikaa upande, kuku hai mkononi, kilemba kinapepea, anampigia dereva kelele: "Ongeza! Ongeza, bale banatupita!"

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba mlango wa nyumba yake ukianguka utamwangukia yeye.

Uangalifu ule wa pini aliupata wapi, hilo halikujulikana, kwa sababu kila aliyeuliza alipewa hadithi tofauti. Wapakizi waliambiwa kwamba zamani, alipokuwa akiendesha mashine kubwa kwenye machimbo ya manganizi, gode ilichomoka na kulalia gari la mkubwa wa kazi wakati mkubwa mwenyewe amekwenda kichakani. Wamama wa soko waliambiwa kwamba ilianguka juu ya sufuria ya bukari ya kikosi kizima pamoja na samaki wa chumvi, na hii aliisimulia kwa huzuni kuliko zote. Mimi niliuliza siku tuko wawili tu, tumekaa kivulini mwa trakta.

"Tata Depo," akasema, "kulikuwa mutu."

Akaanza kuimba. Sikuuliza tena, na sijaacha kulifikiria neno lile.

Kwa mambo ya usalama hakujali cheo. Prezida wa koperative yetu ni mtu mpole, hupenda protokoli, hawezi kukusalimia kabla hajafunga kifungo cha koti. Parokia ilipokuwa na sikukuu alitaka bango litundikwe juu kabisa, juu ya mlango wa depo, na akaona njia rahisi ni yeye asimame ndani ya gode ainuliwe.

"Mama, kiloko tu, dakika moja," akamwambia. "Unanipandisha, unanishusha."

"Prezida, hii gode inabebaka muchanga na mavi ya ngombe," akajibu Mama Operatere kwa heshima kubwa. "We uko nini kati ya ile mbili?"

Prezida alitafuta ngazi. Bango lilikaa kombo mwaka mzima, na kila tulipolitazama tulicheka kwa chini chini.

Lakini kuna siku alitucheka sisi, na kicheko kile hakikuwa kitamu. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, kazi nyingi, vijana wa machimbo wamepita wakiomba trakta ikavute lori lao la mawe lililokwama. Alifunga gode, akapiga magoti, akatazama, akainuka na kupaza sauti:

"Tatu!"

Nasi sote, wapakizi, Prezida, vijana wa machimbo, na mimi kwa sauti nzuri kabisa, tukajibu:

"Tatu!"

Aliweka mikono kiunoni.

"Tatu? Ile ya tatu iko wapi? Iko mu mufuko ya Prezida?" Akatuzungukia mmoja mmoja. "Munajibu sawa vile mu misa! Padri anasema, munasema amina. Hata akisema kesho tunakufa bote, amina. Hapana! Mi sitaki amina. Nataka macho."

Alitupigisha magoti sote, kila mtu kwa zamu yake, juu ya kitenge kile, tuguse pini ya kushoto na pini ya kulia. Prezida aliinama na koti lake. Mimi niliposhuka sikuweza kuinuka, ikabidi wapakizi wanivute, mmoja kila upande. Lori la vijana lilingoja.

Hapo ndipo alipotutia kitanzi ambacho nilikivaa mimi mwishoni. Alisimama mbele yetu akasema polepole, tena bila mzaha:

"Muniahidi kintu moya. Siku mi nitasema mbili, na haiko mbili, mutu aseme. Aseme pale pale, mbele ya bantu bote. Na siku ile munanishusha ku trakta. Nikianza kuzania, mi siko operatere tena."

Tuliahidi. Tuliahidi kwa haraka na kwa furaha, kama watu wanavyoahidi jambo wanalojua halitatokea.

Nieleze kidogo, kwa wasiotoka huku. Kwetu hakuna mtu anayemwambia mama wa umri wake "umekosea" mbele ya watu. Ukiwa na neno unamtuma mtu mwingine, jioni, aanze na habari za nyumbani, apitie afya ya wajukuu, afike kwenye neno lenyewe chai ikiwa imepoa. Kumkatiza mama hadharani, akiwa kazini, ni kumvua nguo. Yeye alijua hivyo vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana aliomba.

Macho yake yalianza kuondoka taratibu. Mwanzoni alilaumu vumbi la malori ya madini, na sote tulilaumu vumbi hilo kwa mambo mengi. Kisha akaanza kupunguza mwendo kwenye lango, halafu kusimama kabisa na kuuliza kama lango liko wazi. Katika kila jicho palionekana wingu dogo la kijivu. Asubuhi moja alisimama kwenye mlango wa depo akasema, "Tata Depo, leo uko kimya, bibi amekufukuza?" Nilikuwa nyuma yake, natoka chooni. Alikuwa anaongea na koti langu lililotundikwa kwenye msumari.

Nililijibu swali kwa niaba ya koti. Nikabadilisha sauti kidogo, nikazunguka, nikaingia ndani kwa mlango wa nyuma, nikajikuta nimesimama pale nilipopaswa kuwa. Sikumwambia mtu. Nilimpenda mama yule, na nilijua kwamba siku atakayoshushwa kwenye kiti kile hatakuwa na mahali pengine pa kukaa ila kile kiti cha miguu mitatu. Nilijua pia kwamba huwa ninasimama mbele ya mikono ile kila siku ya Mungu, na wapakizi husimama juu ya lori chini ya uma. Yote mawili niliyajua usiku na mchana, yakanichosha.

Basi nikafanya mbinu yangu. Yeye akishatazama na kupaza sauti, sisi tukishajibu, akigeuka kupanda kitini, mimi nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu. Nikiwa chini natupa jicho kwenye matundu, kushoto, kulia. Naona mbili, nainuka, moyo mweupe. Siku nzima nilifunga kamba. Wapakizi waliniona mzee aliyeanza kurukwa na akili, kwa kuwa nilivaa sandali za plastiki.

Na kweli, kila mara niliona mbili. Macho yalipokataa alitumia vidole. Alipapasa polepole, shavu karibu na chuma, na vidole vyake havikumdanganya.

Mpaka siku ya mvua. Lori la mbolea lilikuwa limekwama njiani kutoka mjini, likafika limechelewa, na wingu lingine lilikuwa limeshatuinamia. Mbolea ikilowa tumekwisha, mashamba yanangoja. Uwanja wote ulikuwa tope jekundu. Mama Operatere aliondoa gode, akaingiza kulabu kwenye uma uliokuwa umelala topeni tangu juzi, akaulaza nyuma, akasukuma wenzo. Akazima. Akashuka. Kitenge kilizama kwenye maji naye akazama nacho. Alipapasa kushoto. Alipapasa kulia. Watu juu ya lori walikuwa wanapiga makofi kwa baridi, dereva wa lori analalamika, Prezida ameshika mwavuli na kutazama juu.

"Mbili!"

"Mbili!" tukajibu wote.

Akageuka, akashika ngazi, akapanda. Mimi nikainama kwenye kamba zangu.

Kushoto niliiona pini, inang'aa kwa maji. Kulia tundu lilikuwa limejaa udongo mgumu mpaka ukingoni, na pini imekaa juu yake, haikuingia hata kidogo. Vidole vyake viligusa ncha ya chuma na kuridhika. Na kukandamiza chini kusingesaidia siku hiyo, meno yangezama tu kwenye tope bila kusema kitu. Kinachofuata ni uma ule kwenda juu ya vichwa vya watu wale waliokuwa wanapiga makofi.

Nilibaki nimeinama. Nataka kusema ukweli wangu: niliogopa. Nilitafuta mtu wa kumtuma. Nilitafuta habari za nyumbani za kuanzia. Damu ilinijaa kichwani, tumbo limenibana pumzi, na neno lenyewe dogo hivyo likakataa kutoka.

Likatoka kwa kelele.

"Moya!"

Prezida aligeuka na mwavuli wake. "Tata Depo! Eh! Mama amesema mbili."

"Ni moya!" nikasema tena, sasa nimesimama. "Kuume haikuingia. Ni moya tu!"

Dereva wa lori aliacha kulalamika. Mama Operatere alikuwa kitini, mkono juu ya ufunguo, na mashine bado imezima. Alinigeuzia uso, akanitafuta kidogo mpaka akanipata.

"Uliona, ao unazania?"

"Niliona, mama."

Alishuka. Alipiga magoti topeni bila kitenge, akaingiza kidole kwenye tundu la kulia, akakuta udongo. Akauchimba kwa kucha, taratibu, mvua ikaanza, hakuna aliyekwenda kumsaidia kwa sababu hatukujua kama ni msaada au ni tusi. Alipomaliza alisimama, akachomoa ufunguo wa trakta, akampa Prezida mkononi, akaenda zake kwa miguu katika mvua. Mimi hakunisalimia. Mbolea tuliishusha kwa mabega, sote, Prezida pia, na mifuko mingine ililowa.

Siku zilizofuata sikula vizuri, na kwa mtu kama mimi hilo huonekana. Mke wangu alinitazama, akafunga samaki wa chumvi kwenye karatasi, akanisukuma nje.

Nilimkuta Mama Operatere anafungasha. Binti yake alikuwa amepiga simu kutoka Lubudi, aende akakae huko, waone pia kama daktari anaweza kuyaondoa yale mawingu machoni. Mpira wa mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Alipokea samaki, akawanusa, akasema bibi yangu ananipenda kweli. Nikaanza kuomba radhi, nikipitia afya ya wajukuu kama inavyotakiwa. Alinikatiza.

"Tata Depo, sandali yako haina kamba."

Nikazitazama sandali zangu.

"Macho inaniacha, masikio iko. We ukiinama, unapumua sawa ngombe anavuta jembe. Kila siku nakusikia. Unainama, fuu. Unainuka, fuu. Pale njo nageuza ufunguo." Alikuwa anakunja kile kitenge cha magoti, kimefuliwa, bado kina doa jekundu. "Ile siku nilisikia umeinama. Sikusikia umeinuka. Nikangoja."

"Ulikuwa unajua, mama?"

"Sikujua. Nilikuwa nangoja. Nilisema moyoni: yeye akinyamaza, mi nitageuza. Mungu wangu, ulichelewa, Tata Depo!" Akacheka, na machozi yakamtoka, hata mimi yalinitoka na sikuyafuta. "Kule kwingine, siku ya ule mutu, nilingojaka pia. Hakuna mutu alisema."

Nje pikipiki ya kumpeleka stesheni ilipiga honi, naye akapiga kelele dereva angoje, anataka kunywa chai kwanza na mgeni wake. Akasogea kwenye kiti chake kuketi, kwa kishindo kama kawaida. Halafu akasimama nusu njia, mkono kwenye egemeo, uso umenigeukia.

Nilielewa. Nikashuka chini, tumbo na yote, fuu, nikatazama.

"Tatu, mama. Na tofali."

"Uliona, ao unazania?"

"Niliona."

Akakaa.